Kipimo, mhimili au rank? Kuchagua neno la kuelezea arei

Asubuhi moja mwenzangu aliniandikia: "Kaka, hiyo data unayonitumia ni ya vipimo vitatu, sivyo?" Nikamjibu ndiyo, nikatuma faili. Saa sita mchana akapiga simu: programu yake imegoma. Yeye alitarajia vekta zenye namba tatu tatu, yaani x, y na z za kila nukta. Mimi nilikuwa nimemtumia arei, yaani namba zilizopangwa kwa utaratibu kama jedwali, yenye mihimili mitatu: kituo, mwezi na mwaka. Na dada tuliyekuwa naye kwenye kazi ile, aliyekusanya takwimu za mvua, alipousoma ujumbe wetu alielewa jambo la tatu kabisa. Kwake kipimo ni kile unachokisoma kwenye chombo, kwa hiyo "vipimo vitatu" vilikuwa vipimo vya asubuhi, mchana na jioni.

Sote watatu tulikuwa sahihi. Neno ndilo lililotugawa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyalinganisha maneno haya kila ninapohamia lugha au maktaba nyingine ya programu, na hapa nayaweka pamoja kwa ajili ya anayeandika hesabu kwa NumPy, PyTorch, MATLAB, R, Julia au Fortran na anataka kuamua aseme nini na aandike nini. Msimamo wangu nautaja mapema: katika mazungumzo na maelezo tumia mhimili, umbo na urefu wa mhimili, neno rank waachie wanahisabati wa matriksi (majedwali ya namba), neno kipimo liache kabisa unapoelezea arei. Na mihimili ikizidi miwili, ipe majina badala ya namba.

Mambo manne yanayochanganywa

Chukua jedwali dogo la mvua, milimita, namba za mfano tu. Vituo vitatu vinashuka chini, miezi minne inakwenda kulia, Machi hadi Juni:

120 210 95 20
80 160 110 35
140 190 60 10

Kuna mambo manne tofauti ya kusema juu yake. Kwanza, lina mihimili miwili: mmoja wa vituo, mmoja wa miezi. Pili, kila mhimili una urefu wake: 3 na 4. Tatu, urefu huo ukiupanga kwa mfuatano unapata umbo: 3 kwa 4. Nne, vipengele vyote kwa jumla ni 12.

Neno la Kiingereza dimension hutumika kwa mhimili wenyewe, kwa idadi ya mihimili, na kwa urefu wa mhimili, bila kuomba ruhusa. Mtu atasema jedwali hili lina dimension mbili, kisha sentensi inayofuata aseme dimension zake ni 3 na 4, kisha aseme tujumlishe kwenye dimension ya kwanza. Mwanahisabati naye akitazama mstari mmoja wa jedwali, wenye namba nne, atauita vekta ya dimension nne, ilhali kwa mwandika programu ule ni arei ya dimension moja. Maelekezo ya mwanzo ya NumPy yanalikabili suala hili kwa mfano wa nukta iliyo katika nafasi ya 3D, [1, 2, 1]: ina mhimili mmoja tu, na mhimili huo una urefu wa 3. Mfano huu ungesomwa na kila anayeanza, ungeokoa saa nyingi za kazi.

Mkanganyiko wenyewe ni mkongwe. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilikuwa na agizo la DIMENSION tangu mwanzo. Ukiandika DIMENSION A(3,4), neno moja linatangaza mambo mawili kwa mpigo: kwamba A ina mihimili miwili, na kwamba mihimili hiyo ina urefu wa 3 na 4. Waliokuja kurekebisha viwango vya Fortran baadaye walitenganisha maneno vizuri sana: rank ni idadi ya mihimili, extent ni urefu wa mhimili mmoja, shape ni orodha ya urefu wa mihimili yote, na size ni jumla ya vipengele. Kwa mpangilio wa maneno, Fortran ya leo ni safi kuliko maktaba nyingi zinazoitwa za kisasa. Tatizo lake limebaki kwenye lile rank, nitalifikia.

Mfano wa kinyume ni PyTorch, maktaba ya mitandao ya neva. Humo, kwa arei x, x.dim() inakupa idadi ya mihimili, lakini x.sum(dim=0) inachagua mhimili mmoja wa kujumlisha. Neno lile lile, maktaba ile ile, maana mbili, na pengine kwenye mstari mmoja wa programu. Kwa bahati nzuri x.ndim inakubalika pia. Nakushauri uandike ndim daima, ili dim ibaki na kazi moja ya kutaja mhimili.

Kwa Kiswahili: kipimo, mwelekeo, upande, mhimili

Sisi tuna mzigo wa ziada. Kamusi nyingi zitakupeleka kwenye kipimo, na kipimo tayari kina kazi kubwa: kipimo cha mvua, kipimo cha damu, kipimo cha nguo. Katika hesabu za data, ambako karibu kila namba ndani ya arei ni kipimo cha kitu fulani, kuliita tena umbo la arei "vipimo" ni kujitafutia mgongano. Tuliuona wenyewe kwa ile faili.

Mwelekeo ni afadhali, maana unaashiria upande unakokwenda: chini au kulia. Ila ukisema arei ina mielekeo minne, msikilizaji anafikiria kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Na wanatakwimu wanalitumia neno hilo kwa data inayopanda au kushuka. Upande unafaa kwa picha na maumbo, kama katika "picha ya pande tatu", lakini pembetatu nayo ina pande tatu na ni kitu bapa.

Mhimili ndio ninaousimamia. Tuliufahamu shuleni: mhimili wa x, mhimili wa y, dunia inazunguka kwenye mhimili wake. Unahesabika bila taabu, unapewa jina bila taabu, na una urefu. Ni kweli mtu akisikia "mihimili mitatu" atakumbuka Bunge, Serikali na Mahakama, lakini sijaona muktadha wa programu ambamo jambo hilo lingempoteza mtu.

Neno safu pia linahitaji tahadhari. Wengine huita arei safu, na wakati huo huo tunasema safu mlalo na safu wima kwa mistari ya jedwali. Ukiandika "safu ya pili ya safu", msomaji amekwama. Ndiyo maana hapa nasema arei kwa kitu kizima, na neno safu nalitumia tu likiwa na kivumishi chake, mlalo au wima.

Rank: neno moja, majibu mawili

Tazama matriksi hii:

1 2
2 4

Ukimuuliza mwanahisabati rank yake ni ngapi, atajibu 1, kwa sababu mstari wa pili ni mara mbili ya ule wa kwanza, hauongezi chochote kipya. Ukiiuliza maktaba ya TensorFlow kwa tf.rank, inajibu 2, maana inahesabu mihimili. Ukiandika rank(A) katika MATLAB unapata 1. Katika Fortran, ambayo ilipata kitendakazi cha RANK kwenye toleo la 2018, unapata 2. Wote wanasema kweli.

APL, lugha ya programu ya Kenneth Iverson, nayo inaita idadi ya mihimili rank, kwa hiyo si kosa la mtu mmoja asiyejali. Ni jamii mbili zenye mila mbili. NumPy ilijaribu kukaa katikati: ilikuwa na np.rank iliyohesabu mihimili, na np.linalg.matrix_rank kwa wanahisabati. Katika toleo la 1.9 waliitangaza np.rank kuwa ya kuachwa, wakielekeza watu kwenye ndim ili isichanganywe na ile nyingine. Naona walifanya sawa kabisa, na nadhani uamuzi wao unatosha kuwa mwongozo kwetu sote: anayehesabu mihimili aseme ndim au "idadi ya mihimili", anayetafuta mistari isiyotegemeana aseme rank.

Kuna wanaoshauri kutumia order badala yake, kama wanafizikia wanavyofanya kwa tensa, ambazo kwa mwandika programu ni arei zenye mihimili mingi. Silipendekezi. Katika NumPy order ni jina la mpangilio wa kumbukumbu, order="C" au order="F", yaani kama data inalazwa mstari kwa mstari au safu wima kwa safu wima. Ungekuwa umeondoa mkanganyiko mmoja na kukaribisha mwingine.

Size na length: hapa angalia mara mbili

Kwa jedwali letu la 3 kwa 4, haya ndiyo majibu:

| Unachotaka | NumPy | PyTorch | MATLAB | Julia | R | Fortran |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Idadi ya mihimili | A.ndim | A.ndim | ndims(A) | ndims(A) | length(dim(A)) | rank(A) |
| Umbo, 3 na 4 | A.shape | A.shape au A.size() | size(A) | size(A) | dim(A) | shape(A) |
| Vipengele vyote, 12 | A.size | A.numel() | numel(A) | length(A) | length(A) | size(A) |

Fuatilia neno size kwa utulivu kila linapotokea kwenye jedwali hilo. Katika NumPy na Fortran ni 12. Katika MATLAB, Julia na PyTorch ni 3 na 4. Anayehamisha programu kutoka MATLAB kwenda NumPy atakutana na hili siku ya kwanza.

Length ni mbaya zaidi. Kwa arei hii hii, len(A) ya Python inatoa 3, urefu wa mhimili wa kwanza. length(A) ya MATLAB inatoa 4, kwa kuwa inachukua mhimili mrefu kuliko yote. Julia na R zinatoa 12. Na katika R ukiigeuza kuwa data frame, yaani jedwali la R la safu wima zenye majina, length inakuwa 4, safari hii kwa sababu inahesabu safu wima. Majibu manne kwa swali moja, na mawili kati yake yanafanana kwa bahati tu.

Ile ya MATLAB ndiyo ninayoiogopa kupita zote, kwa sababu jibu lake linabadilika maana data inapoongezeka. Ukiwa na vituo 3 na miezi 4 inahesabu miezi. Vikija vituo vingine viwili, inahesabu vituo, na programu haikuambii. Andika size(A,1) au size(A,2), umtaje mhimili unaoutaka.

Kwa anayeshika picha, suala hili lina sura nyingine. Fungua picha yenye upana wa 640 na kimo cha 480 kwa Pillow, maktaba ya picha ya Python: size yake ni (640, 480), upana kwanza. Igeuze kuwa arei ya NumPy: shape yake ni (480, 640, 3), kimo kwanza, halafu upana, halafu rangi tatu. Na size ya arei hiyo ni 921600. OpenCV, maktaba nyingine ya picha, nayo inakupa shape yenye kimo kwanza, lakini ukiita resize inataka upana kwanza. Hapa hakuna neno zuri la kuchagua; kuna kuandika kimo na upana kwa majina kila mahali, h, w = picha.shape[:2], usiache namba za 0 na 1 zikizunguka.

Axis=0: mhimili unaoliwa au unaobaki?

Tukishakubaliana kusema mhimili, bado kuna swali: ukiutaja, una maana gani? A.sum(axis=0) katika NumPy inatoa 340, 560, 265, 65. Hizo ni jumla za miezi. Mhimili wa kwanza, wa vituo, umeliwa. Uliobaki ni wa miezi. sum(A,1) ya MATLAB na sum(A, dims=1) ya Julia zinatoa namba zile zile, kwa kuwa zinahesabu mihimili kuanzia 1, na zote zinautaja mhimili unaoliwa.

Sasa nenda R, andika apply(A, 1, sum). Unapata 445, 385, 400: jumla za vituo. R inautaja mhimili unaobaki. Namba 1 ile ile, mhimili ule ule wa kwanza, jibu la upande wa pili.

Kwa jedwali la 3 kwa 4 utagundua upesi, maana ulitarajia namba tatu ukapata nne. Mahali niliwahi kufanya kazi tulikuwa na vituo 12 na miezi 12. Tukahamisha hesabu kutoka R kwenda Python, mmoja wetu akabadili 2 kuwa 1 kwa sababu Python inaanzia sifuri, na kila kitu kikapita. Namba 12 ziliingia, namba 12 zikatoka. Jumla za vituo zilikaa kwenye ripoti chini ya majina ya miezi kwa muda wa wiki nzima, mpaka mzee mmoja wa ofisini alipouliza inakuwaje Agosti ina mvua kuliko Aprili, wakati masika kila mtu anayajua. Hakujua Python hata kidogo. Aliijua mvua.

Somo nililolichukua ni la kazi tu: unapojaribu programu ya arei, usitumie data ya mraba. Weka 3 kwa 4, au 2 kwa 5, ili kosa la mhimili lijionyeshe kwa umbo.

Pandas, maktaba ya Python ya majedwali (df hapa ni jedwali lake), inaruhusu maneno badala ya namba, axis="index" na axis="columns", na mtu angedhani tatizo limekwisha. Lakini df.sum(axis="columns") inakupa jumla ya kila mstari, na df.drop("Aprili", axis="columns") inaondoa safu wima ya Aprili. Kwa drop afadhali uandike df.drop(columns="Aprili"); inasomeka inavyotenda.

Kwenye mazungumzo, usiseme "mhimili 1". Mtu wa Python ataelewa wa pili, mtu wa Julia ataelewa wa kwanza. Sema "mhimili wa kwanza", au bora zaidi, "mhimili wa vituo".

Vekta

Hili nalipitia haraka. Ukisema "vekta ya tatu" kwa NumPy, inaweza kuwa umbo la (3,), la (3, 1) au la (1, 3), na hayo ni vitu vitatu. MATLAB haina ya kwanza kabisa. Humo hata namba moja tupu ina ndims ya 2. Hatari iko kwenye kutoa: ukichukua majibu halisi yenye umbo la (100,) ukatoa makadirio yenye umbo la (100, 1), NumPy haitalalamika, itakutengenezea arei ya 100 kwa 100, na wastani wa makosa utakaoupata hauna maana yoyote. Kwa hiyo ukimwelezea mwenzako vekta, mtajie umbo lote pamoja na mkato wake, kama ule wa (3,).

Namba au majina?

Uamuzi wa mwisho ndio mkubwa, na hapa kulinganisha ni rahisi. Xarray, maktaba ya Python iliyoanza ikiitwa xray na kubadilishwa jina mwaka 2016, inakuruhusu kuipa mihimili majina. Majina ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo yanaweza kuwa ya Kiswahili:

mvua = xr.DataArray(A, dims=("kituo", "mwezi"))
mvua.sum("kituo")

Jibu ni 340, 560, 265, 65, na linabaki hilo hilo hata mtu akigeuza jedwali miezi ikashuka chini na vituo vikaenda kulia. Ukikosea ukaandika "mwez", unapata kosa papo hapo, si wiki moja baadaye. Xarray inalitumia neno dimension bila aibu, lakini kwa maana ya faili za netCDF ambazo watu wa hali ya hewa wanazijua: dimension ni jina lenye urefu. Likibanwa hivyo, neno halina tatizo.

Gharama ipo. Ni maktaba ya ziada ya kusakinisha, na kwa hesabu ndogo ndogo zinazorudiwa mara milioni, NumPy tupu ina kasi kuliko hiyo. Kwa mitandao ya neva PyTorch iliweka tensa zenye majina tangu toleo la 1.3, mwaka 2019, lakini kama jaribio, na nisingeijengea kazi ya kudumu. Huko natumia maktaba ya einops, ambako kuhamisha rangi kutoka mwanzo kwenda mwisho kunaandikwa rearrange(x, "n c h w -> n h w c"), na msomaji anaona mihimili yote minne kwa jicho: n ya idadi ya picha, c ya rangi, h ya kimo na w ya upana.

Kwa hiyo: jedwali la mihimili miwili, programu fupi, msomaji mmoja, NumPy na axis zinatosha. Data ya hali ya hewa, ya satelaiti, ya hospitali, yoyote yenye mihimili mitatu au zaidi inayopita mikononi mwa watu kadhaa, chagua xarray. Na pale ambapo huna uchaguzi, kwa sababu programu ni ya wengine na maktaba imeshaamuliwa, andika umbo kwa majina mwishoni mwa kila mstari unaolibadilisha. Mimi huandika hivi, na mwenzangu yule wa asubuhi naye sasa huandika hivyo hivyo:

jumla = A.sum(axis=0)  # (kituo, mwezi) -> (mwezi,)